Utando wa njano kwenye kifuniko cha oili wakati wa baridi, usikimbilie kufungua injini

Baridi ikikolea watu wanafungua boneti, wanatoa kifuniko cha oili na kukuta utando mzito wa njano kama mayonezi, halafu wa kwanza kuulizwa anajibu hata hajaangalia, "hedi gasketi hiyo imekwisha". Mara nyingi siyo hiyo gasketi, yaani kizuizi kilicho chini ya silinda hedi (sehemu ya juu ya injini) kinachozuia kulanti, maji ya kupozea injini, yasiingie kwenye oili. Kabla hujamruhusu mtu kufungua silinda hedi kuna vitu unaweza kuvicheki mwenyewe tena bila vifaa vya maana.

Kwanza ujue maji yanayofanya huo utando yanatoka wapi. Petroli ikiungua inatoa maji, lita 1 ya petroli inatoa karibu lita 1 ya maji, mengi yanatokea ekzosti kama mvuke ila kiasi kidogo kinapenya kwenye ringi za pistoni pamoja na moshi na kushuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Hiyo hewa chafu lazima itoke, na inatokea kwenye sepereta ya oili, ambayo inachuja matone ya oili na kuyarudisha chini kwenye sampu, hewa na mvuke vinavutwa kwenye manifoldi (bomba la kuingizia hewa kwenye silinda) vikaungue. Injini ikishapata moto vizuri mchezo unaishia hapo. Ikiwa ya baridi mvuke unageuka maji kwenye chuma, maji yanachanganyika na oili, na mahali pa kwanza kuonekana ni kifuniko na tapeti kava (mfuniko wa juu ya injini) kwa sababu ziko juu na zinapigwa na upepo.

Kinachowachanganya wengi ni geji ya temperecha. Ile inapima kulanti siyo oili, mshale unaweza kuwa katikati na oili bado vuguvugu, kwahiyo gari linalotembea dakika 10 asubuhi na 10 jioni linakusanya maji msimu mzima, hata liwe jipya.

Sasa cheki kulanti. Injini ikiwa imepoa kabisa weka alama ya maka kwenye tenki dogo la kulanti, endesha wiki nzima kama kawaida, angalia tena ikiwa imepoa vilevile (usifungue rejeta ya moto, itakuunguza). Kiwango kikibaki palepale, dipstiki (kijiti cha kupimia oili) ikitoka na oili safi, na moshi mweupe wa asubuhi unakatika gari likishapata moto, hapo ni unyevu tu. Kulanti ikipungua na hakuna inapovuja, oili ikapanda kiwango au ikawa ya maziwa hadi chini ya dipstiki, moshi mweupe hauishi na una harufu ya utamutamu, basi simamisha gari, hapo hedi gasketi inaweza kuwa kweli. Kuna wanaodondoshea oili kwenye bati la moto waone kama inachatuka, sawa, ikichatuka kuna maji, lakini haikuambii kama ni ya mvuke au ya kulanti, kwahiyo mimi naanza na ile alama ya maka.

Angalizo moja, kwenye injini kama BMW M54 mpira unaorudisha oili kutoka sepereta unaingia kwenye bomba la dipstiki, kwahiyo utando ukiwa sehemu ya juu tu ya dipstiki usihukumu injini, hukumu huo mpira.

Kupima sepereta, acha injini ipate moto, iache inanguruma bila kukanyaga mafuta, toa kifuniko cha oili na uweke glovu nyembamba ya mpira juu ya tundu uishikilie pembeni isije ikamezwa. Ikivutwa kidogo ndani iko sawa. Ikituna kama inapulizwa, njia ya hewa imeziba au ringi zimechoka. Ikivutwa kwa nguvu, au kifuniko chenyewe kilikuwa kigumu kutoka na kuna mluzi unasikika, kiwambo cha mpira ndani ya sepereta kimepasuka, na hapo utakuwa unaona moshi wa bluu na oili inapungua bila kuvuja. Injini kutetemeka ukifungua kifuniko peke yake siyo ushahidi, nyingi zinafanya hivyo kwa sababu hewa ya ziada imeingia.

Halafu kuna kuganda, na hii ndiyo inayoua injini. Joto likishuka chini ya sifuri, maji yaliyobaki kwenye mipira ya sepereta yanakuwa barafu. Hewa ikikosa pa kutokea presha inapanda, dipstiki inaruka juu, sili ya krenki (mpira unaozuia oili kwenye shafti ya injini) inaanza kuvuja asubuhi moja tu, na ukifika kwa fundi mchana barafu imeyeyuka, anapima kila kitu kiko poa na anakuuzia sili. Kwahiyo cheki palepale, gusa mipira kabla haijapata joto, ukisikia kitu kigumu ndani umeshapata jibu. Usiikunje lakini, plastiki ya zamani ikiwa ya baridi inakatika.

Ikiganda njia ya kurudishia oili ni mbaya zaidi, sepereta inajaa oili na manifoldi inainyonya yote, na oili haigandamiziki kama hewa, konrodi, mkono unaoshika pistoni, inapinda. Ukiona wingu la moshi la ghafla na injini inatetemeka, zima hapohapo, usijaribu kuwasha tena, toa plagi zote kwanza ndiyo uzungushe krenki kwa mkono.

Matibabu yanategemea ulichokuta. Ni unyevu tu? Lipe gari safari ya nusu saa au zaidi barabara kuu mara kwa mara, badili oili mapema kidogo, na angalia themostati, vali inayofungulia kulanti kwenda kwenye rejeta, ikikwama wazi injini haipati moto hata ukiendesha siku nzima. Kuliacha linanguruma nyumbani hakusaidii, linapata moto polepole na maji yanazidi. Sepereta ikiwa mbovu badilisha pamoja na mipira yake yote, kuisafisha na petroli ni kupoteza muda, kiwambo kilichopasuka hakisafishiki. Kama unaishi kwenye baridi kali uliza kama gari lako lina toleo lenye mipira iliyovishwa sponji ya kuzuia baridi, hizo M54 wanazo. Na kama umefunga kopo la kukusanyia oili kwenye njia ya hiyo hewa chafu, limwage mara nyingi zaidi msimu huu maana linajaa maji na lenyewe linaganda.