Kabla mkaguzi hajapiga hodi: kwa wanaohudumia wagonjwa majumbani

Wodi yetu hapa Mwanza imetawanyika mtaani. Mgonjwa mmoja yuko Igoma, mwingine Kirumba, wa tatu yuko juu kwenye mawe ya Bugarika, ambako bodaboda inaishia njiani na muuguzi anamalizia kwa miguu. Mkaguzi hawezi kusimama mlangoni akaviona vitanda vyote. Atasoma mafaili, atawasikiliza wagonjwa na ndugu zao, kisha atalinganisha. Maandalizi yaanzie hapo: kilichoandikwa na kilichotokea nyumbani vifanane.

Kule England chombo kinachokagua huduma hizi, Care Quality Commission, kinauliza mambo matano: je, huduma ni salama, inafaa, inatolewa kwa utu, inafuata mahitaji ya mgonjwa, inaongozwa vizuri? Wakaguzi wake huwapigia simu wagonjwa na familia, na hawaingii nyumbani kwa mtu bila ridhaa yake. Huku kwetu anayefika anaweza kuwa mtu wa timu ya afya ya halmashauri au afisa ustawi wa jamii, lakini maswali hayo yanatufaa sana kujiuliza mapema.

Upande wa watumishi, hakikisha leseni ya kila muuguzi kutoka Baraza la Uuguzi na Ukunga haijaisha muda, na nakala ipo kwenye faili lake. Kwa wahudumu wasio wauguzi weka kitambulisho, wadhamini, mafunzo waliyopata, na maandishi yanayoonyesha kazi yao inaishia wapi. Kumwogesha, kumlisha na kumgeuza mgonjwa ni kazi yao. Sindano si yao.

Karatasi ya dawa ndiyo ningeomba uikague leo hii. Nilipokuwa mgeni kwenye kazi nilimhudumia bibi mmoja mwenye presha, na nilikuwa na tabia ya kusaini dozi ya jioni mchana, nikiogopa kusahau. Siku moja msimamizi wangu alifika saa tisa alasiri. Alimwamkia bibi, akakaa, akafungua karatasi, akaikuta saini yangu ya saa mbili usiku. Akamimina vidonge kwenye kisahani, akavihesabu kimoja kimoja kwa ncha ya kalamu. Kimoja kilizidi. Hakunifokea. Aliniuliza, "Ukipata dharura sasa hivi, mwenzako atakayekuja usiku atajuaje kwamba bibi hajameza?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nasaini mgonjwa akishameza, na akikataa dawa naandika kwamba amekataa, na kwa nini.

Ratiba ya kumgeuza mgonjwa asiyeweza kujigeuza nayo isijazwe kwa mkupuo. Saa zilizoandikwa kwa wino uleule na mwandiko uleule, mbilimbili bila kukosea hata dakika, zitamfanya mkaguzi aombe kuuona mgongo wa mgonjwa. Kidonda cha kulala kwenye nyonga hakifichiki. Kama kipo, andika ulikiona lini, kina ukubwa gani, nani alijulishwa. Mgonjwa akianguka, andika vilevile. Faili lisilo na tukio hata moja kwa mwaka mzima linatia shaka kuliko lenye matukio matatu yaliyofuatiliwa.

Kisanduku cha sindano kikijaa robo tatu kifungwe, kisikae chini ya kitanda watoto wanapocheza. Glovu, sabuni na maji ya kunawa viwepo. Nyumba za mlimani maji hukatika, kwa hiyo ndoo yenye bomba iwe imejaa.

Mafaili yafungiwe kabatini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na picha ya kidonda haipaswi kuzunguka kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi.

Mwisho, zungumza na familia. Waambie mkaguzi anaweza kuja, na kwamba wana haki ya kumkubalia au kumkatalia. Usiwafundishe majibu. Mama mwenye nyumba akisema juzi hakuja mtu, usimkatize mbele ya mgeni. Fungua daftari la zamu mwangalie pamoja. Ataulizwa pia akiwa na malalamiko anampigia nani, basi bandika namba ukutani karibu na kitanda, kwa kalamu nene na tarakimu kubwa, mgonjwa aweze kuisoma bila miwani.