Kabla hujasaini hati ya masharti: hesabu za mtaji wa kampuni changa, hatua kwa hatua

Hati ya masharti ni karatasi ambayo mwekezaji anaandika bei na masharti ya fedha zake kabla ya mkataba kamili. Mara ya kwanza kutafuta mtaji nilikuwa na wasilisho la kurasa kumi na nane, lakini jedwali la hisa, linaloonyesha nani anamiliki kiasi gani cha kampuni, sikuwa nalo. Mwekezaji aliliomba siku ya tatu ya mazungumzo. Nikakesha nikilijaza, na alfajiri ndipo nikagundua kwamba nilishagawa moja ya tano ya kampuni bila kujua. Nilivyofanya hivyo utaona kwenye hatua ya pili. Kwa sasa fungua lahajedwali tupu. Hesabu zote za humu ni za kujumlisha, kuzidisha na kugawanya.

Hatua ya 1: Jua fedha ni za nani

Huyo unayezungumza naye kwa kawaida si mwenye fedha, ni msimamizi wa mfuko. Fedha zenyewe ni za mifuko ya pensheni, vyuo vikuu, kampuni za bima na familia tajiri, na mara nyingi anakabidhiwa kwa miaka 10 hivi. Kwa utaratibu uliozoeleka anakata takriban 2% kila mwaka za uendeshaji, kisha, wenye fedha wakisharudishiwa mtaji wao, anachukua 20% ya faida.

Piga hesabu yake kabla ya kupiga yako. Tuseme mfuko una dola milioni 100, na siku kampuni yako inauzwa amebakiwa na 10% ya hisa. Ili wewe peke yako urudishe mfuko mzima, lazima uuzwe kwa dola bilioni 1. Usidhani ni uroho. Nyingi kati ya kampuni alizochagua zitakufa au zitarudisha kiduchu, na moja au mbili ndizo zitakazozibeba nyingine zote. Imekuwa hivyo tangu enzi za waasisi wa uwekezaji huu: mwaka 1957 ARDC, kampuni ya uwekezaji ya Marekani iliyokuwa chini ya Georges Doriot, iliweka dola 70,000 kwenye kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation ikapewa 70% ya hisa, na kampuni hiyo moja ndiyo iliyokuja kuzaa sehemu kubwa ya faida ya ARDC.

Kama biashara yako ni nzuri lakini haina namna ya kukua kwa kasi ya aina hiyo, achana na fedha hizi. Mkopo, au faida unayoitengeneza mwenyewe, vitakufaa zaidi, na hakuna atakayekuita kikaoni kukuuliza kwa nini unakwenda taratibu.

Hatua ya 2: Hesabu karatasi ulizokwisha kusaini

SAFE ni mkataba mfupi ambao Y Combinator, kampuni ya Marekani inayowekeza kwenye kampuni changa, iliutoa mwaka 2013. Mtu anakupa fedha leo, hisa atazipata utakapofanya raundi yenye bei, yaani utakapouza hisa kwa bei mliyokubaliana. Si mkopo: hauna riba wala tarehe ya kulipa. Ndiyo maana watu huusaini kama wanavyosaini risiti.

Toleo jipya, lililotoka 2018, linahesabu ukomo wa thamani (thamani ya juu kabisa ya kampuni itakayotumika kumpigia hisa zake) baada ya kujumlisha fedha za SAFE zote. Maana yake, sehemu ya kila mtu ni fedha zake kugawanya kwa ukomo, basi. Mimi nilikuwa na watatu: dola 500,000, dola 250,000 na dola 250,000 nyingine, wote kwa ukomo wa dola milioni 5. Hiyo ni 10%, 5% na 5%. Nilidhani kila anayeingia angewapunguza waliomtangulia. Wapi! Wao kwa wao hawakupunguzana hata chembe. Zote 20% zilitoka kwangu na kwa mwenzangu.

Hatua ya 3: Panga nyaraka

Hapa sina mengi. Usajili wa kampuni, mikataba ya wafanyakazi, hati zinazoonyesha kuwa programu ni mali ya kampuni na si ya aliyeiandika, hesabu za fedha: weka vyote kwenye folda moja kabla hujaombwa. Uchunguzi wa kina ambao mwekezaji hufanya kabla ya kutoa fedha ukikwama, mara nyingi umekwama kwenye hati ya umiliki wa programu.

Hatua ya 4: Tafuta bei halisi

Mwekezaji anasema: kampuni yako ina thamani ya dola milioni 8, naweka milioni 2. Baada ya fedha kuingia ni milioni 10, kwa hiyo yeye ana 20%. Umefurahi. Sasa shuka mistari michache kwenye hati ya masharti, utakuta kwamba fungu jipya la hisa za wafanyakazi, 10%, litengwe *kabla* ya fedha kuingia. Jaza jedwali, tuseme lina hisa milioni 10 za dola 1 kila moja:

- Mwekezaji mpya: 2,000,000
- Fungu la wafanyakazi: 1,000,000
- Wenye SAFE (20% yao ya hatua ya 2, kwenye milioni 7 zilizobaki): 1,400,000
- Waanzilishi: 5,600,000

Ile milioni 8 imeshakuwa milioni 7, kwa sababu fungu la wafanyakazi mmelilipia ninyi mliotangulia. Waanzilishi waliojiona wana 80% wamebaki na 56%. Cha kubishania hapa ni ukubwa wa fungu, wala si bei. Nenda na orodha ya watu utakaowaajiri miezi 18 ijayo na hisa utakazompa kila mmoja. Ikifika 6%, omba 6%.

Hatua ya 5: Soma kipaumbele cha malipo

Mwekezaji hapewi hisa za kawaida kama zako, anapewa za upendeleo, zenye haki ya kulipwa kabla yako. Kampuni ikiuzwa kwa dola milioni 6, yeye analipwa kwanza. (Wenye SAFE nao huwa na kipaumbele chao, nakiacha kando ili hesabu isichafuke.)

Kipaumbele cha mara moja, kisichoshiriki: anachagua kati ya milioni 2 zake na 20% ya mauzo, yaani milioni 1.2. Atachukua 2, nyingine 4 mnagawana.

Kinachoshiriki: anachukua milioni 2, halafu anarudi mezani kudai 20% ya zile 4. Jumla 2.8. Kampuni ikiuzwa milioni 30, wa kwanza anapata 6, huyu 7.6.

Neno moja tu, "kinachoshiriki". Mimi ningekubali bei ya chini yenye kipaumbele kisichoshiriki kuliko bei ya kujivunia yenye neno hilo.

Hatua ya 6: Nani anaamua

Hesabu viti vya bodi, kisha soma orodha ya mambo yanayohitaji idhini ya mwekezaji: kuuza kampuni, kukopa, kutoa hisa mpya. Hisa zako mwenyewe nazo huenda zikawekwa kwenye ratiba ya miaka 4, yaani unazipata kidogo kidogo, na ukiondoka kabla mwaka wa kwanza haujaisha hupati kitu. Usikasirike, ratiba hiyo hiyo ndiyo itakayokulinda mwenzako akiondoka mwezi wa tatu.

Kama wewe ndiye unayeweka fedha

Omba jedwali ambalo SAFE zote zimeshageuzwa kuwa hisa. Dai haki ya kulinda asilimia yako kwenye raundi zijazo, na utenge fedha za kuitumia, kwa sababu haki hiyo bila fedha ni karatasi. Na ukikuta waanzilishi wamebaki na 15% mapema hivi, fikiri mara mbili. Raundi mbili zaidi na hawatakuwa na sababu ya kuamka asubuhi.