Jinsi ya kufuatilia msimu mzima wa hoki ya barafu ya kina dada ukiwa Mtwara au Lindi

Huku kwetu barafu tunaijua ya kwenye madeli ya samaki pale feri, sasa ukimwambia mtu kuna kina dada wanateleza juu ya barafu na viatu vyenye vyuma chini wanagombania kidude cheusi, anaona unamfunga kamba. Lakini hii ligi ni tamu jamani, na kuifuata ukiwa Shangani au Ruangwa inawezekana kabisa, ila kuna vitu inabidi uvijue mapema la sivyo unaacha baada ya mechi mbili.

Ligi inaitwa PWHL, ni ya Marekani na Kanada, ilianza tarehe 1 Januari 2024 na timu sita: Toronto, Montreal, Ottawa, Boston, New York na Minnesota. Msimu wa 2025-26 wakaongeza Vancouver na Seattle zikawa nane.

Anza na saa. Kipindi cha baridi Toronto wako nyuma yetu masaa 8, Machi wakishasogeza saa zao inakuwa 7. Kwahiyo mechi ya saa moja usiku kwao ni saa tisa usiku kwetu, na ndo muda wa kawaida siku za kazi. Hizo usijitese nazo. Chukua za wikiendi mchana, ya saa nane mchana Toronto inaangukia saa nne usiku huku, umeshakula, watoto wamelala, unaangalia kwa raha zako. Mechi za Vancouver na Seattle ndo nzuri zaidi maana saa moja usiku ya kule wakati wa baridi ni saa kumi na mbili asubuhi kwetu, unawasha simu huku chai inachemka. Alafu angalia tarehe vizuri, ratiba ikisema Jumamosi usiku wewe hesabu Jumapili alfajiri, mi nlizikosa mechi tatu nzima kwa sababu hiyo tu.

Bando nalo. Ukishusha picha mpaka 144 kile kidude, wanakiita puki, hukioni kabisa, ni kipande cha mpira mgumu upana wake kama sentimita 7 na nusu na kinaenda kasi kuliko jicho. Weka 360 angalau. Lakini hata hivyo usikikimbize na macho, hilo ndo kosa la kila mtu anayeanza. Angalia wachezaji, wakijaa upande mmoja puki iko hapo, kipa akishuka magoti ujue shuti limekuja. Na angalia benchi pia, wanabadilishana katikati ya mchezo bila refa kusimamisha, mtu anacheza kama dakika moja hivi kwa nguvu zote anaruka ukuta anatoka mwingine anaingia. Ukishaona hiyo mbio inaeleweka yote.

Ndani wako sita kwa sita pamoja na kipa, vipindi vitatu vya dakika 20. Ukifanya rafu unakaa kijumba cha adhabu dakika 2 na timu yako inabaki pungufu. Hapa ndo PWHL wana sheria yao ya kuvunja jela: timu iliyo pungufu ikifunga goli, dada aliyefungiwa anatoka palepale. Kwahiyo usiende kuchukua maji timu yako ikiwa pungufu!

Msimamo nao usiusome kama wa ligi kuu yetu. Hakuna sare. Ukishinda ndani ya dakika 60 unapata pointi 3, ukishinda kwenye nyongeza au penalti unapata 2 na aliyefungwa anaondoka na 1. Timu inaweza kufungwa mechi nyingi ikabaki juu kwa sababu imefungwa kwa nyongeza, usishangae.

Zinazofuzu ni nne. Zilizobaki hazichezi kumaliza ratiba tu, na hii mi naipenda sana natamani hata kwetu ingekuwepo: ukishatoka kwenye mbio, pointi unazokusanya kuanzia siku hiyo ndo zinaamua nani anachagua kwanza wachezaji wapya. New York walipata nafasi hiyo 2024 wakamchukua Sarah Fillier. Kwahiyo timu yako ikiwa mkiani endelea kuifuata mpaka mechi ya mwisho.

Alafu kuna siku moja usiikose, siku timu ya kwanza inapochagua mpinzani wa nusu fainali. Yaani inachagua yenyewe kati ya wa tatu na wa nne! 2024 Toronto walikuwa wa kwanza wakachagua Minnesota, waliokuwa wamefungwa mechi tano mfululizo na wameingia kwa kuponea chupuchupu. Toronto wakaongoza kwa mechi 2-0, wakapigwa mechi tatu zilizofuata, na Minnesota wakaenda kubeba kombe la Walter, ndo kombe la ubingwa wa ligi. Mwaka uliofuata Montreal wakachagua Ottawa, wakatolewa kwa mechi 3-1.

Kwa mechi za mtoano lala mapema baada ya isha, chaji simu ijae na bando liwe la kutosha masaa matano, maana hakuna penalti, wanacheza mpaka goli lipatikane. Hiyo Montreal na Ottawa ya 2025 mechi ya pili ilifika nyongeza ya nne. Na fainali ya mwaka huo mechi zote nne ziliisha 2-1 kwa nyongeza, Minnesota wakachukua tena.

Na usizime simu kwa kuona wanashangilia. Mei 2024, mechi ya nne ya fainali, nyongeza ya pili, Minnesota wakafunga, benchi zima likamwagika uwanjani, kofia na glavu chini, wamekumbatiana, nikamwamsha dada yangu nikamwambia kombe limepatikana. Refa akaenda kuangalia video, goli likakataliwa, kipa alisumbuliwa. Wakaokota glavu zao. Haikupita muda Alina Müller akawafungia Boston. Dada amekaa kitandani ananiuliza sasa nani kashinda. Siku tatu baadaye wakarudiana kwa Boston, Minnesota 3-0.