Tonge la jibini na asali ya Tabora kwa meza ya Krismasi

Kama kabatini kwako huko ughaibuni kuna chupa ya asali ya Tabora, kitafunwa cha kumpokelea mgeni kimeshafika nusu. Tafuta jibini na karanga.

Kwa watu 10 hadi 12, chukua gramu 400 za jibini laini ya kupaka, yenye mafuta yake yote. Iliyopunguzwa mafuta ina maji mengi, tonge halitasimama. Ongeza gramu 200 za cheddar kali uliyoikuna mwenyewe, kwani iliyokunwa kiwandani hunyunyiziwa wanga isigandane, na humu haishikani vizuri. Ziache nje ya friji nusu saa, kisha ponda kwa mwiko pamoja na punje moja ya kitunguu saumu kilichotwangwa na nusu kijiko cha chai cha pilipili manga. Chumvi usitie kabla ya kuonja. Funga kwa plastiki ya chakula, viringisha, weka kwenye friji saa 3 au usiku kucha.

Kaanga gramu 120 za karanga bila mafuta kwa moto mdogo, pukuta maganda, twanga ziwe chengachenga. Zipoe kabisa, zikiwa na moto zitayeyusha jibini. Zungushia tonge saa moja kabla ya wageni. Asali, vijiko 3 vya mezani, mimina wakati wa kula tu: huvuta maji, na ukiwahi kuipaka karanga hulainika na sahani inatota.

Asali yenyewe iwe ya nyuki wakubwa, ile nzito ya misitu ya miombo. Ya nyuki wadogo ni nyepesi na ina uchachu, itachuruzika yote chini. Ikiganda kwa baridi, simamisha chupa kwenye maji ya vuguvugu, usiichemshe. Anayeingia nchi za Umoja wa Ulaya anaruhusiwa kilo 2 za asali kwa matumizi yake. Nyama na maziwa aviache nyumbani.

Waulize wageni mapema kuhusu mzio wa karanga, maana unaweza kuua. Akiwepo mwenye mzio, tumia mbegu za maboga. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asionjeshwe asali.

Ukirudi Tabora kwa sikukuu na jibini laini ikakosekana, chemsha lita 3 za maziwa freshi ya ng'ombe, epua, tia vijiko 6 vya mezani vya maji ya limau kidogo kidogo, ukikoroga taratibu, hadi yakatike na maji yake yawe ya kijani hafifu. Maziwa ya boksi yanayokaa miezi bila friji hukatika vibaya. Chuja kwa kitambaa safi, ning'iniza saa moja. Usikamue, jibini itakuwa kavu isiyopakika. Ponda na vijiko 2 vya siagi na chumvi. Hii haifinyangiki sana, basi ipange kwenye bakuli, karanga na asali juu. Kwa joto la Desemba isikae nje zaidi ya saa 2. Iliwe kwa vipande vya embe lisiloiva sana. Msimu wake ndio huo.