TV yenye tundu la LAN bila Wi-Fi: namna ya kuifikisha kwenye mtandao

Zipo smart TV za zamani ambazo Wi-Fi yake iliuzwa kando. Nyuma zina tundu la LAN tu, yaani la waya wa mtandao, na ruta ya laini imekaa dirishani chumba cha pili. Wiki hii nimemfungia jirani kifaa cha kuiunganisha hapa Ngamiani, Tanga, nikaona bora niandike.

Kwanza, achana na flashi ya Wi-Fi ya kuchomeka USB. Muuzaji atakuapia inakubali TV zote. Itaingia kwenye tundu, lakini TV haina programu ya kuiendesha, isipokuwa ile modeli iliyotajwa na kampuni yake. LAN haina mambo hayo. Mimi natumia TP-Link TL-WR802N, ruta ndogo inayopokea Wi-Fi na kuipeleka kwenye TV kwa waya wa LAN: inaenea kiganjani na inatumia chaja ya simu.

Kabla hujatoa hela, angalia umri wa TV. Mwaka 2015 YouTube iliacha kufanya kazi kwenye TV nyingi za 2012 kurudi nyuma. Kama ni ya kundi hilo, nunua boksi la Android, yaishe.

Hatua ya 1. Washa kifaa, jiunge na Wi-Fi yake kwa simu (jina na nenosiri vipo kwenye stika), fungua tplinkwifi.net.

Hatua ya 2. Chagua modi ya "Client". Wengi hukimbilia "Hotspot". YouTube itacheza, ila TV inakuwa kwenye mtandao wake peke yake, na ukitaka kurusha video kutoka kwenye simu, simu haiioni.

Hatua ya 3. Chagua mtandao wako, weka nenosiri. Usipouona kwenye orodha, jua unarusha kwenye bendi (masafa) ya 5 GHz. Kifaa hiki kinasikia 2.4 GHz tu. Kama intaneti unaitoa kwenye hotspot ya simu ya Android, badilisha bendi kwenye mipangilio. Kwa iPhone 12 na kuendelea washa "Maximize Compatibility".

Hatua ya 4. Hapa ndipo watu wanaporudisha kifaa dukani. Ukihifadhi, kinajizima na kuwaka, halafu Wi-Fi yake inapotea kabisa na ukurasa haufunguki tena. Hakijafa! Usishike pini ukabonyeza Reset, utaanza upya bure. Kikiwa Client hakirushi Wi-Fi, kinapokea tu. Chomeka waya wa LAN kwenye TV, ingia mipangilio ya mtandao, chagua waya, usome anwani ya IP (namba ya TV kwenye mtandao). Ikifanana na ya simu yako mpaka namba ya tatu, mfano 192.168.8 kwa zote mbili, umemaliza. Ikianza na 169.254, TV imejipa anwani yenyewe baada ya kukosa ya kupewa: nenosiri limekosewa, au ruta imejaza idadi ya vifaa vyake, au imefunga vifaa vigeni.

Kurudi kwenye ukurasa wa kifaa kunataka laptopu iliyochomekwa kwenye kifaa kwa waya wa LAN. Laptopu ikiachwa ijitafutie IP itapata ya ruta kubwa na haitakiona kifaa. Iandikie mwenyewe 192.168.0.10, maski 255.255.255.0, kisha fungua 192.168.0.254. Ukimaliza irudishe ilivyokuwa, la sivyo kesho utalalamika laptopu haina intaneti.

Umeme ukikatika na kurudi, TV huwaka kabla ruta haijakamata mtandao, na ile 169.254 inarudi. Zima TV ukutani, subiri ruta itulie, washa.

Na kifaa usikiwashe kwa USB ya TV. USB nyingi za TV hutoa nusu ampea, chenyewe kinataka ampea 1. Kitakuwa kinazima katikati ya mpira.

Hatua ya 5. Kiweke Wi-Fi inapofika vizuri, si lazima nyuma ya TV. Waya wa LAN unakwenda hadi mita 100, kwa hiyo uvute waya, kifaa kikae karibu na mlango. Ukiwa Raskazone au popote upepo wa bahari unapoingia ndani, chomoa waya mara mojamoja ufute pini kwa spiriti. Chumvi inazishika kutu na picha inaanza kugandaganda.