SOMO: Kupima zebaki kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, kuanzia kibali hadi majibu

Karibu kila wiki kuna mwanafunzi ananifuata faraghani na swali hili hili: apimeje zebaki iliyoingia mwilini mwa wachimbaji? Nalijibu hapa mara moja, anayekuja baadaye aanzie hapa.

1. Kibali. Kamati ya maadili ya chuo chako au NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), kisha mkoa, wilaya, kijiji na wenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu.

2. Amua unatafuta nini. Mvuke wa zebaki unaotoka dhahabu ikichomwa hupimwa kwenye mkojo. Zebaki inayoingia kwa kula samaki hupimwa kwenye nywele au damu. Nywele za mchomaji hazikwambii anachovuta, kwa sababu mvuke hugandia nywele kwa nje.

3. Gawa watu kwa kazi wanayofanya. Neno "mchimbaji" halitoshi. Wa chini ya duara anakula vumbi la mawe, huenda zebaki hajaigusa kabisa. Wa mwaloni, yaani pale dhahabu inapooshwa, anaichanganya na mchanga wa dhahabu kwenye beseni kwa mikono mitupu, halafu anaikamua kwa kitambaa hadi libaki donge jeupe. Mchomaji huliweka donge kwenye kipande cha bati juu ya mkaa, akainama kusubiri lipige manjano. Hapo ndipo balaa lilipo, maana mapafu hubakiza takriban asilimia 80 ya mvuke anaovuta. Msimsahau wa duka la dhahabu anayechoma tena kabla ya kupima uzito wa dhahabu. Tafuta pia kundi la kulinganisha kutoka kijiji kisicho na machimbo.

4. Dodoso liwe fupi. Uliza kazi za miezi mitatu iliyopita, kwa kuwa nusu ya zebaki huchukua kama miezi miwili kutoka mwilini. Uliza pia krimu na sabuni za kung'arisha ngozi, kwa lugha ya heshima na pembeni. Baadhi zina zebaki, na mama lishe ambaye hajawahi kuchoma anaweza kukupa majibu ya juu kuliko mchomaji.

5. Kuchukua mkojo. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, na zikishaharibika hakuna hesabu ya kuziokoa. Mtu anatoka mwaloni, mikono ina tope, nguo zina vumbi, anapewa kichupa na kuelekezwa nyuma ya kibanda. Punje moja isiyoonekana ikidondoka mle, umepima mikono yake. Mwili hujaupima. Chukua mkojo wa kwanza wa asubuhi, mbali na eneo la kazi, mtu ameshanawa kwa sabuni na kubadili nguo. Kifuniko kisiwekwe chini, wala ndani ya kichupa kusiingizwe kidole. Tumia vichupa vilivyosafishwa kwa asidi na maabara yenyewe, na muulize mkemia mapema nani ataweka asidi ya kuhifadhi, maana zebaki hunata kwenye plastiki na nyingine huvukia hewani. Kila siku fungua kichupa kimoja chenye maji safi ya maabara palepale unapokusanyia, kifunge, ukipeleke pamoja na vingine. Kikirudi na zebaki, sampuli za siku hiyo usiziamini. Boksi la barafu lisipandishwe gari moja na mizigo ya machimbo.

6. Omba maabara ipime na kriatinini, taka ya mwili inayoonyesha mkojo ni mzito kiasi gani. Mtu aliyeshinda juani bila maji mkojo wake ni mzito. Ngazi za tahadhari za Ujerumani, ya chini na ya juu, ni mikrogramu 7 na 25 za zebaki kwa lita ya mkojo, au 5 na 20 kwa gramu ya kriatinini. Mtu akivuka ya juu, anahitaji daktari.

7. Pima kutetemeka: aguse pua kwa kidole, achore mstari wa kuzunguka. Andika pia kama anakunywa pombe au ana malaria, maana navyo huweza kumtetemesha.

8. Rudisha majibu kwa kila mtu, kwa siri. Aliyekupa mkojo wake ana haki ya kujua.

MASWALI

Mwanachuo Mwanza: Mkuu naomba dodoso na data zako, nakabidhi Ijumaa.
– Dodoso utapata ukinionyesha kibali. Data sigawi, watu waliridhia utafiti ule tu.

Kijana wa Geita: Nikichukua palepale mwaloni kuokoa muda, si sawa tu?
– Hatua ya 5. Isome yote.

Muuguzi, Chunya: Mwalimu, nina mama anayenyonyesha, mume anachomea jikoni. Nianzie wapi?
– Asante kwa swali hili, dada. Kuchoma kuhame nyumbani leo, kabla hata ya vipimo, maana mvuke hugandia kuta na dari na kuendelea kutoka. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unataka uchomaji kwenye makazi ukomeshwe. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Asiachishwe kunyonyesha kwa hofu, mpeleke kwa daktari. Ukipima, pima na watoto wanaotambaa: mvuke ni mzito kuliko hewa na wao wako chini.

Mwenye karasha (mashine ya kusaga mawe): Sisi tunavaa barakoa.
– Barakoa ya kitambaa huzuia vumbi, mvuke unapita. Hata ile ngumu ya hospitali haitoshi.

Mwenye karasha: Na retoti ya bomba, ile ya kuchomea iliyofungwa inayonasa mvuke?
– Inasaidia sana, ila bomba lisiwe la mabati. Chomea nje, upepo ukiwa mgongoni, na usiifungue mpaka ipoe kabisa. Ikifunguliwa ya moto, mvuke wote unakuja usoni.