SOMO: Namba 1001 inavyokupa jibu la 7, 11 na 13 kwa mpigo

Kanuni za kujua kama namba inagawanyika kwa 2, 3, 5 au 9 tunazijua tangu shule ya msingi. Ikifika 7 au 13, wengi wanarudi kwenye kugawanya kwa njia ndefu. Hakuna haja. 7 × 11 × 13 = 1001, na kwa kuwa 1001 imeipita elfu kwa moja tu, kazi yote inageuka kuwa kutoa na kujumlisha.

Tuchukue 2,734,914.

Hatua ya 1. Kata namba kwa mafungu ya tarakimu tatu tatu ukianzia kulia, pale pale mkato unapokaa: 2 | 734 | 914.

Hatua ya 2. Anza na fungu la kulia. Toa linalofuata, jumlisha linalofuata, endelea hivyo hadi mafungu yaishe: 914 − 734 + 2 = 182.

Hatua ya 3. Sasa kagua 182 tu. Ni 7 × 26, tena ni 13 × 14. Kwa 11 inabaki 6. Basi 2,734,914 inagawanyika kwa 7 na 13. Kwa 11 haigawanyiki, na baki yake ni 6 ile ile. Hapa ndipo ninapoipendea njia hii: haiishii kwenye ndiyo au hapana, inakupa na baki.

Ikitoka 0, zote tatu zinaingia. Jaribu 5,284,279.

Maswali

*Shikamoo mwalimu. 1,900,250 imenipa −649. Nimekosea wapi?*

Marahaba. Hujakosea. Ongeza 1001 upate 352, ambayo ni 11 × 32. Kwa hiyo 11 inaingia, 7 na 13 haziingii.

*Mkuu, kwa nini tunatoa halafu tunajumlisha?*

Elfu moja imepungukiwa 1 kufikia 1001, ndiyo maana fungu la maelfu, 734, tunalitoa. Milioni imezidi 999 × 1001 kwa 1, kwa hiyo ile 2 inajumlishwa. Ukiwa na fungu la mabilioni, unatoa tena.

*Inafaa kwa 17?*

Hapana, 17 si kigawo cha 1001. Inafaa kwa 77, 91 na 143. Mfano wetu: 182 ni 2 × 91, basi 91 nayo inaingia.

*Ina uhusiano na ile 142857 ya 1 ÷ 7?*

Tena wa damu. 1001 × 999 = 999,999. Gawa 1001 kwa 7 upate 143, kisha 143 × 999 = 142,857. Hizo ndizo tarakimu zinazojirudia katika 0.142857142857... Kwa 13 ni 77 × 999 = 76,923, na 1 ÷ 13 = 0.076923076923... Ile sifuri ya mbele usiiache, mzunguko ni wa tarakimu sita.

*Nafundisha darasa la sita. Nianze nao vipi?*

Kila mtoto aandike namba ya tarakimu tatu anayoitaka, kisha airudie: 356356. Agawe kwa 7, jibu aligawe kwa 11, linalopatikana aligawe kwa 13. Kila mmoja ataikuta namba yake mwenyewe, maana kuiandika mara mbili ni kuizidisha kwa 1001.